Kariakoo, Agosti 2025: anayehama na anayeingia

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepanda treni ya umeme alfajiri kutoka Morogoro. Behewa limejaa akina mama wenye mabegi makubwa matupu, yamekunjwa na kuwekwa miguuni. Wengi wanakwenda Kariakoo kufunga mzigo. Aliyekaa pembeni yangu anauza nguo za watoto karibu na soko la Chifu Kingalu. Kabla treni hii haijaanza Juni 2024, anasema, safari ya mzigo ilikuwa ya kulala: basi hadi Dar, foleni kuanzia Kibaha, usiku gesti, kesho yake ndiyo kurudi. Sasa anaingia asubuhi, anazunguka maduka, na jioni yuko kwake anapanga nguo kwenye henga.

"Hela ya gesti nainunulia suruali," ameniambia.

Tulipofika nikamuomba anionyeshe gesti aliyokuwa akilala, kwa kuwa iko njiani kwake. Vyumba vya chini vimegeuzwa stoo. Mhudumu amesema wageni wa Morogoro na Dodoma wamepungua, waliobaki ni wa mbali: Wakongo, Wazambia, Wakomoro, watu wanaokaa wiki nzima wakisubiri kontena lijae. Mama wa suruali alimsikiliza, akatoa pole, akaondoka haraka kuwahi maduka ya Mtaa wa Congo. Habari ya kwanza ya wiki hii nimeipata kabla sijatua begi.

Habari za namna hiyo ndizo zilizonileta. Magazeti huandika Kariakoo inapoungua, inapogoma au inapoanguka. Soko lilipoungua Julai 2021 tuliona picha. Wafanyabiashara walipofunga maduka Mei 2023 wakilalamikia kodi na usajili wa stoo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Mnazi Mmoja kuwasikiliza, na nchi nzima ikafuatilia. Ila kati ya tukio na tukio watu wanahama, fremu za maduka zinagawanywa, kazi zinazaliwa ambazo hazina hata leseni, na hayo yakishapita hakuna anayekumbuka yalianza lini. Nataka kuyaandika yakiwa bado yanatokea.

Nimefikia kwa shangazi, Mtaa wa Mahiwa, ghorofa ya sita. Lifti haifanyi kazi leo.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya miguu. Nimeanza Uhuru, kwenye khanga na vitenge, nikakata kuingia Congo, nikazunguka hadi Aggrey kwenye simu. Ukipita haraka utasema Kariakoo ni ile ile: makuli wanapiga mluzi upishe, guta limebeba marobota kupita kimo cha dereva, kijana amesimama juu ya kiti anaita bei kwa kipaza sauti. Ukisimama mbele ya fremu moja na kuuliza nani mwenye nayo, hapo ndipo mambo yanaanza kujitenga.

Fremu ya kwanza niliyoingia Aggrey ina wafanyabiashara watatu. Mwenye mkataba na mwenye nyumba ni mmoja, anauza spika. Kaunta ya kushoto kamkodisha dada wa kava na chaja. Mlangoni, kwenye kimeza kisichozidi upana wa mikono miwili, fundi simu anabadilisha vioo. Kila mmoja ana kibao chake cha lipa namba, na mteja akikosea akalipa kwa jirani wanarudishiana bila ugomvi. Kilemba, ile hela ya kuingilia kwenye fremu, alikitoa yule wa spika peke yake, na hao wawili wanamsaidia kukirudisha kidogo kidogo. Nimeuliza kama mwenye nyumba anajua. Wakanijibu kwamba anajua, na kodi akapandisha.

Mbele kidogo nimekutana na kazi ambayo sasa imetapakaa Kariakoo yote: winga. Winga hana fremu wala mzigo. Ana simu, ana viatu vizuri vya kutembea, na ana ramani ya maduka kichwani. Mteja wa Mbeya anaona picha ya gauni mtandaoni, anamtumia winga ujumbe, winga anaingia duka la jumla, analichukua, anaongeza chake juu, anapeleka kwenye basi. Mteja akija mwenyewe, winga humdaka barabarani na kumpeleka duka analolijua, kisha bei inatajwa na winga, si na mwenye duka.

Wapo wanaowaita matapeli, na ni kweli wapo mawinga wanaompandishia mgeni bei hadi inauma. Mimi nimeshinda saa nyingi na mmoja wao, kijana wa miaka kama ishirini na tano, na nimeona kitu kingine pia. Mwenye duka la viatu alimruhusu kuchukua pea sita bila kulipa, kwa neno tu, akijua jioni atarudishiwa viatu au pesa. Mtaji wa kijana huyu ni kwamba anarudi. Akikosa kurudi siku moja, habari itafika mwisho wa mtaa kabla yake, na Kariakoo kwake itakuwa imefungwa.

"Kaka, hapa jina likiharibika unahamia Mwenge ukauze miwa," alisema, na alikuwa anamaanisha.

Mwenye duka naye ana hesabu yake. Winga hamlipi mshahara, hamwekei kiti, lakini anamletea wateja wa Songea na Kigoma ambao wasingejua duka liko ghorofa ya tatu, nyuma ya ngazi. Kwa sababu hiyo maduka yanapanda juu. Zamani fremu ya ghorofani ilikuwa stoo, nani apande ngazi kununua mkoba? Leo mteja hapandi, anapandiwa. Wenye majumba wamelielewa hilo mapema, kodi za juu nazo zimeanza kufuata za chini.

Mazungumzo ya Aggrey yote leo yalikuwa juu ya amri ya serikali iliyotangazwa wiki iliyopita, ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Kuuza rejareja na jumla kumo, ukiacha supamaketi. Kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, udalali wa nyumba, vyote vimo. Mgeni akikamatwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au jela hadi miezi sita, na kunyang'anywa viza na kibali cha kuishi. Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake.

Fundi wa mlangoni amefurahi. Anasema Wachina walianza kwa kuleta mzigo, wakaja kuuza jumla, mwisho wakauza mmoja mmoja, tena kwa bei ambayo yeye hawezi kununulia. Yule wa spika hakufurahi wala kununa. Mzigo wake unatoka Guangzhou, na aliyekuwa akimletea ni mgeni mwenye duka upande wa pili wa barabara. Akiondoka, itabidi achangie kontena na wenzake, asubiri bandarini, alipie ushuru kwa jina lake. Hilo linahitaji mtaji ambao hana.

Naona fundi ana haki. Biashara ya kava la simu haihitaji mwekezaji kutoka ng'ambo ya bahari, na kijana aliyejifunza kazi mlangoni pa watu anastahili kulindwa. Lakini amri imemgusa anayesimama nyuma ya kaunta tu. Haijagusa kilemba, wala kodi inayodaiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, na hivyo viwili vimewaondoa Waswahili wengi Kariakoo kabla mgeni yeyote hajafika.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nimekwenda kuliangalia soko lenyewe. Limezungushiwa uzio, na jengo jipya la ghorofa limesimama pembeni ya lile la zamani. Mradi wa kukarabati na kujenga ulitengewa shilingi bilioni 28, na wafanyabiashara waliohamishwa baada ya moto bado wanasubiri kuitwa.

Bila kuingia, ile miavuli ya zege inaonekana vizuri kutoka barabarani. Msanifu wake ni Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea ng'ambo akarudi kujenga kwao, na Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975. Kila mwavuli umebonyea katikati, mvua inashuka ndani ya nguzo hadi kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Paa linaacha upepo upite juu ya vichwa vya watu bila feni hata moja. Mtu aliyechora hivyo alikuwa amekaa sokoni saa saba mchana, akajua joto la nyanya na jasho la anayezibeba. Nimesimama hapo muda mrefu kwa furaha. Majengo yote yanayolizunguka sasa ni vioo na viyoyozi.

Mzee anayeuza ndimu kwenye beseni nje ya uzio alikuwa na kizimba ndani. Baada ya moto walielekezwa masoko mengine. Yeye alikwenda Kisutu, akakosa wateja wake wa zamani, akarudi hapa nje bila kizimba. Wateja wake walikuwa mama ntilie wa mitaa hii, nao wengi hawapo. Nikamuuliza wamekwenda wapi. Akanyoosha mkono kuzungusha mtaa wote: nyumba walizopikia nyuani zimekuwa maghorofa.

Jioni hakuna aliyeuza kitu kingine zaidi ya jezi. Taifa Stars walikuwa wanacheza na Mauritania kwenye mashindano ya CHAN, Uwanja wa Mkapa, na Msimbazi yote ilikuwa bluu. Anayeuza vyombo aliweka jezi juu ya sufuria. Anayeuza mapazia alitundika jezi kwenye fimbo za mapazia. Hapa mtu hasubiri kuwa na duka la michezo ili auze mchezo. Tulishinda 1-0, bao la Shomari Kapombe dakika za mwisho, na honi za bajaji zilipigwa hadi usiku mkubwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo sikutoka hadi alasiri. Shangazi alikuwa na nafasi ya kuzungumza, na kila nililoliona tangu Jumatatu linapita kwenye nyumba yake.

Kiwanja hiki kilikuwa cha babu. Mtaa unaitwa Mahiwa, jina la mahali huko Lindi palipopiganwa vita vikali Oktoba 1917, na Narung'ombe nao ni hivyo hivyo, maana Waingereza waliwapanga hapa wapagazi wao wa vita vile na mitaa ikabaki na majina ya kule walikofia watu. Babu alijenga nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, nyuma ua wenye jiko na choo. Familia ilikaa vyumba viwili, vinne vilipangishwa. Shangazi amenitajia wapangaji mmoja mmoja: kondakta wa UDA, mwalimu, fundi cherehani, mjane aliyekaanga maandazi. Watoto wote walilelewa na ua mmoja.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja na ruhusa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, miaka ya themanini. Mpangaji wa chumba cha mbele alitoboa dirisha likawa mlango, akauza redio. Chumba kile kilianza kuleta kodi kubwa kuliko vyumba vitatu vya nyuma. Chumba cha mbele cha pili nacho kikatobolewa. Baraza likawekewa mabati, likawa duka la tatu, na wazee waliokuwa wakicheza bao pale wakahamia kwa jirani, ambako nako palitobolewa baadaye.

Babu alipofariki waliachwa warithi wengi. Hapo ndipo mwekezaji alipobisha hodi, kwa adabu zote, na shangazi anasema hakuwa mtu mbaya. Makubaliano yalikuwa ya aina inayojulikana Kariakoo nzima: ninyi mna ardhi, mimi nina fedha. Najenga ghorofa, maduka ya chini nakusanya kodi mimi kwa miaka tuliyoandikiana, ninyi mnapata vyumba vya juu na sehemu ya kodi, miaka ikiisha jengo ni lenu. Warithi wengine walitaka pesa taslimu wakanunue viwanja Chanika na Kigamboni, wakalipwa wakaenda. Shangazi na ndugu yake mmoja walibaki.

"Wapangaji je?" nikauliza.

"Walipewa miezi, mwanangu. Mjane wa maandazi alikwenda Mbagala kwa mwanawe. Fundi cherehani alikataa kuondoka Kariakoo, yuko Mtaa wa Nyamwezi mpaka leo. Wengine sikuwaona tena."

Shangazi hajuti, na mimi siwezi kumhukumu. Paa la zamani lilivuja, choo cha nyuma kilijaa kila masika, ada za wajukuu zimelipwa na kodi ya jengo hili. Ninachokiona ni kwamba hesabu ilifanywa kwa watu wawili, mwenye ardhi na mwenye fedha, na yule mpangaji wa chumba kimoja, ambaye ndiye aliyeujaza mtaa huu tangu ulipoanza, hakuwa kwenye karatasi yoyote. Aliondoka mama wa maandazi, mzee wa ndimu akakosa mnunuzi. Aliondoka kondakta, sasa anayefanya kazi Kariakoo anatoka Chanika usiku wa manane kuwahi gari. Mtaa umejaa mchana kupita wakati wowote uliotangulia, na usiku shangazi anahesabu taa za majirani anaowajua kwa vidole.

Kuna jambo jingine linalomkosesha usingizi. Novemba 16 mwaka jana, asubuhi ya Jumamosi, jengo la ghorofa lilianguka pale Mchikichi na Congo. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengi wakiwa kazini, na waokoaji walichimba siku kadhaa wakiwasikia walionasa chini wakiita. Ilielezwa kwamba kulikuwa na kazi ya kuchimba sehemu ya chini ya jengo lile. Waziri Mkuu aliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Shangazi tangu siku ile akisikia nyundo chini anashuka kuuliza. Ngazi za ghorofa sita, kwa magoti yake, anashuka. Mwezi uliopita aliwakuta mafundi wanabomoa ukuta ili fremu mbili ziwe nne. Akawasimamisha, akampigia mwekezaji, akataka aje na mhandisi mwenye karatasi. Alikuja. Ukuta ulikuwa wa kugawa tu, haukubeba kitu, kazi ikaendelea, lakini nimependa sana kwamba wapangaji wa chini sasa wanamwita wao wenyewe wakiona fundi mgeni.

Jioni nimepita Mchikichi. Biashara zinaendelea pande zote. Kijana wa mikanda alinionyesha palipokuwa na duka la rafiki yake, akasema jina lake taratibu, kisha akamhudumia mteja.

Usiku nimezunguka kuona biashara ya saa 24 iliyozinduliwa mapema mwaka huu. Taa zimewekwa, na baadhi ya barabara zinang'aa. Walio wazi saa sita usiku ni wa chipsi, wa kahawa, wakala wa pesa mmoja mmoja, na wanaoshusha makontena. Wenye maduka niliowauliza mchana walitoa sababu moja: mfanyakazi akitoka saa nane za usiku anarudi vipi Gongo la Mboto? Wangekuwa bado wanaishi vyumba vya nyuma, swali hili lisingekuwepo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, sikukuu ya wakulima. Kariakoo imefunguka nusu. Wenye maduka ya jumla wengi wamepumzika na mawinga wakapumzika nao, kwa kuwa hakuna pa kuchukulia. Machinga ndio waliotawala barabara, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimetembea Mtaa wa Congo katikati bila kusukumwa.

Saa sita mchana njia za kuelekea Msikiti wa Mtoro zikajaa kanzu. Muuza miwani alitupia kitambaa juu ya meza yake akaenda kuswali, akamwachia ulinzi muuza soksi ambaye ni Mkristo. Aliporudi alikuta miwani miwili imeuzwa na pesa imebanwa chini ya kitambaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda Mtaa wa Nyamwezi kumtafuta fundi cherehani, yule mpangaji wa zamani wa babu. Nimemkuta, ila nimemkuta anafunga. Kifremu chake chini ya ngazi, ambapo cherehani moja na kiti cha mteja vilitosha kukijaza, kimechukuliwa na kijana wa vifaa vya simu aliyelipa kodi ya mwaka mbele. Mwenye jengo alimpa fundi nafasi ya kulipa kiasi hicho hicho. Hakuwa nacho.

Nilimsalimu, shikamoo mzee, nikajitambulisha kwa jina la babu. Alisimamisha kazi, akaniangalia, akaanza kunieleza suti aliyomshonea babu ya harusi ya shangazi, mpaka aina ya kitambaa na mfuko wa ndani ulioongezwa kwa ajili ya kuwekea tumbaku.

Anahamia Buguruni, kwenye kibaraza cha mpwa wake. Kazi anayo: wauza magauni wa mtandaoni humletea nguo za China kurekebisha viuno na urefu, maana zinakuja kwa vipimo vya watu wengine. Yule winga wa Jumanne, nimegundua, ni mmoja wa wateja wake, na ndiye aliyetafuta guta la kubebea cherehani. Wameshakubaliana kwamba nguo zitakwenda Buguruni kwa bodaboda asubuhi na kurudi jioni, na nauli watagawana.

Tumepakia pamoja, mimi, winga na mwenye guta. Kijana wa vifaa vya simu naye alishika upande mmoja wa meza ya kukatia. Fundi alimwomba kitu kimoja, abakize namba yake ya simu ukutani angalau hadi Desemba, kwa wateja watakaokuja kuulizia sare za shule. Kijana akachukua kalamu ya wino mzito akaiandika upya, kubwa, juu ya mlango, kisha akampigia hapo hapo kuhakikisha hajakosea tarakimu.

Stars wanacheza na Madagascar usiku wa leo na guta lilipotoka Msimbazi ilibidi lisukumwe kati ya wauza jezi. Kesho narudi Morogoro kwa treni ya mchana. Shangazi amenituma niulizie bei ya mchele wa Kilombero wa gunia zima, maana wapangaji wa fremu za chini wanataka kuchangia wanunue pamoja, na yeye amekubali wapikie kwake.